Umenawiri, Mjomba

Je, wewe humpongeza mtu kwa kunenepa kabla hujamtazama machoni? Huku kwetu Kumasi tunafanya hivyo kila siku. Jirani yangu ni fundi wa ndara za ngozi, na tangu azike mkewe, hupaka gundi kwenye soli, kisha huishika mkononi akiitazama mpaka gundi inakauka. Sindano za kisukari ameziacha. "Nijichome niishi. Niishi nifanye nini?" aliniambia bila hasira yoyote. Kliniki humpima damu na mkojo, humkaripia kuwa ni mvivu, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu huzuni yake. Mwezi huu uso umemjaa. "Ee, Mjomba, umenawiri! Nani huyo anakupikia fufu?" Serwaa, muuza ndizi, alimtania. Fundi akatabasamu, akamshukuru. Nikamfokea Serwaa kwamba ule si unene, ni maji, figo zinakufa. Akaziba mdomo kwa kitenge.

Nilimsihi fundi mpaka jioni, akakubali twende hospitali. Asubuhi iliyofuata nilifika na teksi, nikamkuta barazani amevaa shati safi, anahangaika kuingiza mguu kwenye ndara aliyoishona mwenyewe. Ulikuwa umevimba, haukuingia. Nikampa kisu akate ukanda wa ndara. Alikitazama kisu, akautazama mguu, akakiweka chini taratibu. "Mwambie dereva aende, mwanangu," alisema, akaanza kufungua vifungo vya shati.