Maji Safi Kutoka Shamba Lisilolimwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtafiti Mkuu alinikabidhi maksai na plau, akanionyesha vipande vitatu vya shamba kwenye mteremko nje ya Bariadi. Cha kwanza nilime kutoka juu kwenda chini. Cha pili nilime kwa kukata mteremko. Cha tatu nisikiguse: tungepanda pamba kwenye vishimo tu, samadi na mabua yabaki juu ya ardhi. Chini ya kila kipande lilizikwa pipa la kukinga maji ya mvua.

"Bosi, umeniajiri kulima, halafu hiki nisilime?"

"Usichekeshe. Tope likiondoka linabeba virutubisho, chakula cha mmea. Tunataka kujua ni kiasi gani."

Mvua iliponyesha, pipa la kwanza lilijaa tope zito, la pili tope jepesi. Katika la tatu maji yalikuwa machache, safi kabisa. Nikamwambia mke wangu, Minza, kwamba shamba letu la luseni, udongo wa kichanga unaotulisha, tusilitifue tena.

"Majirani watasema nimeolewa na mvivu mwenye mshahara," akacheka. Lakini alitandaza samadi juu, tukapanda.

Baadaye akaja Afisa Udongo, mwanamke, na majibu ya maabara. "Haya maji safi ya pipa la tatu yana fosforasi nyingi iliyoyeyuka, moja ya virutubisho. Samadi imelala juu, mvua inaiosha."

"Kwa hiyo tulime, mayu, mama yangu?"

"Mkilima, udongo wenyewe utaondoka. Fukieni samadi kwenye vishimo."

Halafu Bwana Shamba wa pamba akaagiza mabua yang'olewe na kuchomwa, wadudu wasibaki. Wote niliwaamini.

Kila msimu Minza aliuliza, "Wakubwa wako wamesemaje sasa?" Nilimweleza nilichosikia, naye akafanya. Mavuno yalipanda, yakashuka. Ni samadi, mabua au mvua? Nilistaafu sijajua.

Mwaka huu tumemzika Minza upande wa juu wa shamba letu lile. Mvua zilipokaribia, mwanangu mkubwa, Masunga, alifunga maksai.

"Baba, wewe ndiye uliyefanya kazi na wataalamu. Nilime vipi, tusije tukalala njaa?"

"Kata mteremko. Chini ya kaburi la mama yako acha ukanda usiolimwa, mvua isilimomonyoe. Samadi tutaifukia kwa jembe."

"Hapo udongo hautaondoka?"

"Sijui, mwanangu."

Alisubiri niongeze neno, kama mama yake alivyokuwa akisubiri. Akawaswaga maksai, nami nikachukua jembe.