Kibanda Chenye Mlango

Tulikubaliana kibanda. Naanza na hilo kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, bado anazunguka mtaani kwetu Lawrence Heights akiwaambia watu kwamba niliharibu likizo ya familia kwa maringo.

Msimu mzima wa baridi tuliipanga safari ile. Hoteli hatuziwezi, na nyumba za kukodi kando ya maziwa ni za wenye nazo. Ila hifadhi za jimbo zina vibanda vidogo vya mbao, vina vitanda na hita, unakwenda na chakula na mashuka yako, na bei yake hata sisi tunaimudu. Shida ni kugombania. Nafasi za mwezi wa nane hufunguliwa miezi mitano kabla, mwezi wa tatu huko, saa moja kamili asubuhi, na vibanda vinaisha chai haijapoa.

Binti yangu alikuwa anamaliza darasa la nane. Alikuwa hajawahi kulala nje ya Toronto. Kila shule ikifunguliwa wenzake wanasimulia walikokwenda, yeye anatunga. Siku moja nilimsikia akitunga kwenye simu, nikaumia.

Asubuhi ile tulikaa wote mezani. Kompyuta ni ya shemeji. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Saa moja ilipotimia akabonyeza, akapiga kofi. "Tayari! Nimepata!"

Nikainama kutazama picha. Kiwanja kitupu, miti, na alama ya hema.

"Shemeji, hiki nini?"

"Kiwanja cha hema, shemeji. Karibu na maji kabisa, na ni nusu ya bei. Hema nitaazima kazini."

"Tulisema kibanda."

"Kibanda cha nini wakati wa joto? Wazungu wana majumba yao, na bado wanalala kwenye hema kwa hiari."

"Mimi hiyo hiari sikupewa."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Hapo nikajua wameshaongea wao wawili. Na yeye namtia kwenye lawama.

Pembeni ya skrini saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri hatujalipa, kiwanja kinakwenda kwa mwingine. Kadi ya benki nilikuwa nayo mimi.

"Lipa, shemeji, muda unakwisha!"

Binti akanisihi kwa Kiingereza chake, nilipe tu, hema si kitu.

Ndipo nikamwambia ambayo sikuwahi kumwambia. Kwamba tulipokimbia Kongo tulikaa kambini Kigoma, na usichana wangu wote ulikwenda chini ya turubai. Kwamba kiongozi wa mtaa wetu pale kambini, mtu wa kwetu, ambaye shamba lake lilipakana na la baba, aliuza maturubai mapya sokoni akatugawia yaliyotoboka. Masika yakatunyeshea ndani. Mdogo wangu wa kiume alilala kwenye maji, akakohoa mpaka akanyamaza.

"Niliapa sitalala tena chini ya turubai. Mimi wala mtoto wangu."

Namba zilizidi kupungua. Shemeji akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kutokea.

"Pole, shemeji. Lakini ya siku hizi yana zipu."

"Basi kailalie wewe hiyo zipu."

Binti akaivuta kompyuta, akakiachia kile kiwanja, saa bado inahesabu. Akatafuta vibanda. Mwezi wa nane, hakuna. Wa saba, hakuna. Wa sita, hakuna. Kilibaki kimoja, mwezi wa tano, katikati ya wiki ya shule, kwenye hifadhi ya mbali ambayo hakuna aliyeitaka.

Akanigeuzia skrini. Yeye ambaye Kiswahili anakisikia tu na kunijibu Kiingereza, akakitafuta.

"Hii iko na mlango, Mama."

Nikalipa.

Tulikwenda. Ziwa lilikuwa la baridi hata vidole huwezi kuchovya, na visubi weusi walituuma nyuma ya masikio mpaka damu. Binti alifunga mlango wa kibanda, akaufungua, akaufunga tena kwa komeo, akanitazama.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuingia garini, na wa kwanza kuchagua kitanda, cha chini, karibu na hita. Mablanketi niligawa mimi. Lake lilikuwa jembamba kuliko yote.