Filimbi ya Kabamba

Hebu mwone Kabamba akishuka kwenye lori pale Kashikishi, kando ya ziwa, mwaka 1974: mrefu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, filimbi shingoni. Wachuuzi wa samaki walichoka kuibiwa vikapu, wakamleta alinde vichanja vya kukaushia. Nyumba hakuwa nayo. Mjane mmoja, Mama Olipa, akampa chumba, akawa anampikia kila jioni.

Kabamba alikuwa amelinda migodini miaka tisa, na visingizio vya njaa alikuwa amevisikia hadi vikamchosha. "Mwizi anatazama kwanza," aliwaambia. "Akiona njia nyeupe, anapita. Akiona pamezibwa, anarudi kwao." Basi akazungushia vichanja uzio wa miiba, akaacha mlango mmoja. Kisha akapiga marufuku jambo la siku nyingi: samaki waliovunjika wakadondoka chini waliachiwa yeyote asiye na mvuvi nyumbani. "Anayeokota kichwa leo, kesho atabeba kikapu. Nikimkamata, nampulizia, na ufukweni hapa hakanyagi tena."

"Tata, ile ya chini ilikuwaka ya batu ba njala," alisema Mulumba, mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, akiwatetea watu wenye njaa.

"Na vikapu vyako vilikuwaka vya nani?"

Watu wakacheka. Mwezi mzima hakikupotea kikapu hata kimoja, na Mulumba mwenyewe akamletea sigara.

Mchana mmoja akamwona mwanamke ameinama chini ya kichanja cha mwisho, anafunga kitu kwenye pindo la chitenge. Akamdaka mkono. Mama Olipa! Vichwa vitatu vya samaki.

"Mama, si unajua sheria?"

"Najua, mutoto wangu. Unaitangaza kila jioni, mdomo umejaa samaki." Akamtazama. "Ulifikiri natoa wapi? Bwana yangu alizama. Nani ananivulia?"

Mlangoni watu walikuwa wamejaa, Mulumba mbele yao. "Leo tutaona," mmoja akanong'ona. Hapo hapo Kabamba akawaza: nikimwachia huyu, kesho watakuja kumi, kila mmoja na kaburi lake la kunionyesha.

Akapuliza.

Jioni akakuta ugali wake umefunikwa mezani, bado una moto. Kando yake bakuli la samaki, limeoshwa, tupu. Nyuma ya ukuta mama wa watu alikohoa mara moja. Vikapu ufukweni vilikuwa salama vyote.

Wewe ungekaa ukala, au ungekwenda kumgongea? Na akifungua, ungemwambia nini?