Siku Mkutano Ulipokuwa Halali

Nilipoteuliwa kuingia katika kamati ya wagonjwa wa ukoma, majirani zangu wa Kasongo walikuja kunipongeza mmoja mmoja, na niseme ukweli, kichwa kilivimba. Nilikuwa mkunga hospitalini, mwanamke mweusi pekee pale mjini aliyeweza kuandika barua ya Kifaransa bila kusaidiwa, na miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, Wazungu walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba sisi tupo. Kanuni mpya ilikuwa imetoka kwao Ulaya: kila tawi liwe na mjumbe mwenyeji mmoja, na asipokuwepo, mkutano si halali. Mjumbe mwenyeji nikawa mimi. Nilishona gauni jipya.

Shirika letu halikuwa peke yake. Kulikuwa na la maziwa ya watoto, la yatima, la vipofu, mengine ya Ubelgiji, mengine ya Uswisi na Uholanzi, na yote yalikuwa yamekubaliana kufuata kitabu kimoja cha kanuni. Hapakuwa na mkubwa juu yao. Kila shirika lilikuwa huru, na kila tawi lilikuwa huru ndani ya uhuru huo. Nilipokisoma kile kitabu mara ya kwanza nilikipenda. Niliwaza, hawa watu wamejifunga wenyewe wasije wakamwonea mtu. Nilikuwa bado mjinga.

Sasa nimzungumzie mama yangu. Nilikuwa sijaanza kukumbuka mambo wakati watu wa afya walipopita vijiji vya upande wa Wamaza wakikagua ngozi za watu, wakamkuta na alama mgongoni, wakampeleka kambini ng'ambo ya mto Luama. Mdogo wake wa kiume akanichukua, akanilea pamoja na mke wake. Padri aliyenibatiza aliandika kwamba mjomba ndiye baba yangu na mkewe ndiye mama yangu, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Nani angefikiri kwamba karatasi ile ingekuja kuulizwa habari?

Mama alizeekea kambini. Nilipokuwa msichana nilimwona mara moja kwa mwaka, yeye upande wake wa ua, mimi upande wangu. Kisha vikaja vidonge vipya, na baada ya muda mrefu dokta akasema ugonjwa umekwisha, huyu anaweza kwenda kwao. Kilichobaki ni kamati kukubali kwamba ana pa kwenda. Ilitakiwa barua ya ndugu aliye tayari kumpokea. Mjomba akaandikiwa barua na mwalimu wa kijiji, akaweka kidole, ikafika. Nami nilikuwa nimeshakaa kwenye kamati. Nilimwambia mume wangu, kabla ya mvua mama atakuwa amelala nyumbani.

Mikutano ya kuwaachia wagonjwa ilifanyika kule kule kambini, katika sebule ya mwuguzi, kwa sababu kitabu kilisema shauri la mtu lisiamuliwe akiwa hayupo. Prezida wetu, yaani mwenyekiti, alikuwa mke wa mkubwa wa kampuni ya pamba, mwanamke asiye na ubaya wowote, nalisema hilo hadi leo. Katibu alikuwa padri mzee. Wengine wawili walikuwa watu wa kuitikia kwa kichwa tu.

Ilipofika zamu ya mama, prezida aliuliza kama kuna mjumbe mwenye undugu na mgonjwa. Nikasema, ndiyo, ni mama yangu mzazi. Padri akafungua kitabu: mjumbe hakai kwenye shauri la ndugu yake. Nikatoka, nikaenda kukaa kwenye camionnette, gari dogo la mizigo la hospitali, juani. Hazikupita dakika tano nikaitwa. Padri alikuwa amegeuza ukurasa: bila mjumbe mwenyeji, mkutano si halali. Nikaingia. Akageuza tena: nikiwemo, pia si halali. Nilitoka na kuingia mara tatu siku ile, na mara ya tatu nilicheka, kicheko kibaya, mpaka prezida akaniletea maji. Mama alikuwa amesimama kwenye baraza muda wote huo.

Tuliandika barua Léopoldville, mji mkuu. Léopoldville wakaipeleka Ulaya. Majibu yalikuja baada ya miezi, mazuri, kwenye karatasi nene: tawi ni huru, hakuna mwenye haki ya kuliingilia, liamue lenyewe kwa kufuata kanuni. Nilikisoma kile kipande mara nyingi nikitafuta mlango. Kama wangekuwa na bwana mkubwa mmoja, hata mkali, ningempigia magoti. Lakini hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kitabu, na kila mmoja alikiheshimu.

Nikasema basi, najiuzulu. Padri akanieleza kwa upole kwamba mjumbe mpya lazima akubaliwe na wote, huku na kule Ulaya, na mpaka hapo hakuna mgonjwa yeyote atakayetoka. Kambini kulikuwa na wanawake waliopona wanaosubiri kurudi kwa watoto wao. Wangenitazamaje? Nikabaki kwenye kiti changu. Nilikuwa nimefungwa sawasawa na wao, ila mimi nilipewa chai.

Aliyepata njia alikuwa prezida. Siku moja alikuja hadi wodi ya wazazi, anang'aa kwa furaha, ana nakala ya cheti changu cha ubatizo mkononi.

"Mama yako iko Wamaza," alisema kwa Kiswahili chake. "Imeandikwa. Ule wa kambi, ninyi munamwita mama tu. Kwenu kila mwanamuke ni mama."

Nilitaka kumkatalia. Kisha nikamwacha aendelee. Aliniwekea karatasi mezani, inayosema kwamba mgonjwa yule si ndugu yangu kwa njia yoyote, na atakayesema uongo mbele ya kamati atafukuzwa, na mwajiri wake ataarifiwa. Nikatia sahihi, na sikuona haya. Nilijiona mjanja. Kisha nikampa mwuguzi wa kambi ujumbe wa siri: mwambie mama wakimwuliza habari zangu aseme hanijui.

Siku ya mkutano mama aliingia akiwa amevaa kitambaa safi. Hakunitazama. Nilikuwa sijawahi kuwa naye chumba kimoja tangu alipochukuliwa, na sasa tulikuwa hatua mbili, mimi na kalamu yangu.

"Ule madamu mwenye kuandika," prezida alimwuliza, "ni mutoto yako?"

"Hapana, madamu. Mimi sina mutoto."

Alilisema vizuri, bila kutetemeka. Prezida akafurahi, akasema, haya, sasa tunaendelea. Lakini padri alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa ameiweka barua ya mjomba kando ya cheti changu, anayapitia majina kwa kidole, pole pole. Mimi niliyesoma, niliyejivunia Kifaransa changu, nilikuwa sijaliona. Jina lilikuwa lile lile.

"Mama," padri alisema, "mutu huyu anaandika kama wewe ni dada yake, tumbo moja. Na hapa ameandikwa baba ya madamu huyu. Ni ndugu yako kweli?"

Akisema ndiyo, mimi ni damu yake, nimeapa uongo, sina kiti na sina kazi. Nilitaka kusimama niseme. Naapa nilitaka. Miguu ilikuwa hapo, na sikusimama.

Mama hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alielewa mara moja. Alitazama ile barua ya mdogo wake aliyoisubiri miaka yote ile.

"Simujui ule mutu," alisema. "Pengine alikosea. Mimi sina ndugu, mupadri. Sina mutu."

"Basi nani atakupokea?"

"Hakuna."

Prezida alihuzunika kweli. Alisoma kanuni kwa sauti ya chini: asiye na wa kumpokea hubaki chini ya ulinzi wa shirika. Akauliza wanaokubali. Mikono minne ikapanda, kisha wote wakanigeukia, kwa sababu bila mkono wangu uamuzi haukuwa na nguvu. Nikaunyosha. Padri akaandika kwamba mkutano umekuwa halali na wajumbe wote wamekubaliana.

Mama aliaga mmoja mmoja, kama walivyofundishwa kambini. Aliponifikia aliinamisha kichwa.

"Asante, madamu," alisema.

Nikamwitikia kwa kichwa, kama nilivyokuwa nikiwaitikia wagonjwa wote.