Mikono ya Milka

Ijumaa hiyo wauguzi Wakenya wa hospitali moja ya ughaibuni walikodi basi kutoka Al Sadd hadi ufuoni Al Wakrah, wakiimba njia nzima. Milka ndiye aliyeimba kuwashinda wote, kana kwamba hakuwa yeye anayewatayarisha marehemu wa wodi ya mahututi, mwaka wa tisa sasa.

Ufuoni wakamlaza mwenzao Oloo mchangani, wamfukie kwa mzaha. Milka akashika upande wa miguu. Akamnyoosha magoti, akampangusa nyayo taratibu, akafungua utepe wa nywele zake mwenyewe. Wenzake wakaacha kucheka mmoja mmoja.

“Milka,” Oloo akauliza, “mbona unanifunga vidole gumba vya miguu?”

Mikono ya Milka ilikuwa imeshakaza fundo, na sasa ilikuwa inapapasa mchangani, ikitafuta shuka la kumfunika uso.