Mama hahesabu watu wake

Punguzo la boti limeniliza leo.

Jamaa yetu nzima tunataka kwenda kutembea kisiwani Kiwayu siku ya pili ya Iddi. Mwenye boti ana sharti moja: mkifika watu kumi na tano, bei inashuka.

Nikampigia mama. "Mama, tutakuwa wangapi?"

"Watu hawahesabiwi, Zuhura. Wataka tupatwe na husuda?"

Mnaowajua mama zetu wa Amu, yaani Lamu, mnajua hapo hakuna mjadala. 😅

Basi nikatumia akili. Nikamwambia anitajie majina tu, mwenye boti anayahitaji. Akataja taratibu, mimi naandika: yeye, mimi, dada zangu, waume zao, wajukuu, hata shangazi asiyependa bahari. Akamalizia na Athmani.

Kumi na tano kamili! Nusura nipige kigelegele pale pale gatini.

Kisha nikalisoma tena lile jina la mwisho.

Athmani ni kaka yangu. Alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, na huu ni mwaka wa nne hatujasikia sauti yake.

Nikasema polepole, "Mama, bila Athmani tuko kumi na nne."

"Sasa umeona kwa nini mimi sihesabu," akasema, akakata.

Nimekaa hapa na karatasi yangu. Mwenye boti ameshauliza mara mbili aandike wangapi.

Nyinyi mngemwambia wangapi?