Bendi ya Dada Yangu Kisiagini

Unga uliotoka kusagwa una harufu yake, ya joto, tamu kidogo, inayokaa kwenye nywele na kola ya shati hadi kesho yake. Kisiagi cha Mama Wambui kule Huruma, mjini Eldoret, kilinukia hivyo hata Jumapili mchana, kinu kikiwa kimezimwa na foleni ya akina mama wenye madebe ya mahindi haipo. Mafundi wa jua kali nao walikuwa wamepumzisha nyundo. Mtaa mzima ulitulia, baridi ya Julai ikipita katikati ya vyumba vya mabati, na katika utulivu huo ndipo niliposikia gitaa la umeme kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani kinu kimejiwasha chenyewe na sasa kinalia.

Aliyelipiga alikuwa dada yangu Nafula. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, msichana mrefu, mwenye haya, wa kuomba chumvi mezani kwa kunong'ona. Yeye na vijana watatu wa mtaani walikuwa wameunda bendi yao ya roki, wakaiita Kichaka, kwa ajili ya kile kichaka alichokiona Musa kikiwaka bila kuteketea. Hawakuwa na mfadhili, wala studio, wala kanisa lililowatuma. Ngoma zao zilikuwa mapipa yaliyokatwa na mpiga ngoma mwenyewe, fundi wa kuchomelea milango, na spika walizifufua kutoka kwa redio zilizokufa. Mama Wambui, mjane aliyehamia mtaani kwetu kutoka Murang'a, aliwapa ufunguo kwa sharti kwamba wamalize kwa sala na wafagie. "Mnapiga kelele nyinyi," alimwambia Nafula siku moja akicheka, "lakini hiyo kelele yenu iko na Mungu ndani."

Na kweli alikuwemo. Nyimbo zote alizitunga Nafula kwenye daftari la hesabu, na zote zilikuwa za watu wa Biblia waliobanwa kwenye kona. Niliupenda zaidi wimbo wa Hajiri, yule mjakazi aliyefukuzwa akaingia jangwani na mwanawe. Ulianza polepole, sauti ya Nafula peke yake ikisema, "Maji yako karibu, mama, ni macho tu yamechoka," kisha mapipa yakaitikia, gitaa likapanda, na kisiagi chote kikatetemeka. Hapo ndipo unga uliokuwa umelala juu ya boriti kwa miaka mingi ulipoanza kushuka. Ulishuka taratibu, mweupe, ukipita kwenye miali iliyoingia kwa matundu ya mabati, ukatua juu ya mabega ya dada yangu, kope zake, nyuzi za gitaa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, mdomo wazi, nikiulamba. Sijawahi tena kuwa karibu na mbingu kiasi kile.

Tatizo lilikuwa Baba. Alikuwa ametoka Bungoma akiwa kijana, akapata ukarani katika stoo ya nafaka, na heshima yake yote aliiweka kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu tuliimba kwa ngoma ya ngozi na kayamba. Gitaa la umeme lilikuwa kitu cha baa, na wazee walishatangaza hivyo madhabahuni. Kwa hiyo Nafula alimwambia Baba kuwa anakwenda mazoezi ya kwaya, na ili aaminike akawa ananichukua mimi. Tukirudi, Mama alinipangusa unga kichwani kwa kanga bila kuniuliza kitu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Mama alijua tangu wiki ya kwanza.

Aliyeitoboa ni mimi. Kanisani kwetu palikuwa na nafasi ya ushuhuda, ambapo yeyote angeweza kusimama akasema alilotendewa na Mungu wiki hiyo. Watu wazima walishukuru kwa kupona malaria, kwa mtoto kupata shule. Tangu nikiwa mdogo nilitamani kuwa na jambo la kusimamia, na sasa nilikuwa nalo, kubwa kuliko malaria zao zote. Nikasimama. "Bwana asifiwe," nikasema, wakaitikia. "Mimi nashukuru Mungu juu ya dada yangu Nafula. Ako na bendi, na akipiga gitaa kwa kisiagi ya Mama Wambui, unga inaanguka kutoka juu kama mana." Wachache walicheka. Kisha nikaona Baba haangalii mtu, anaangalia viatu vyake. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulivunja mfupa wa nyumba yetu.

Wazee walikaa kikao wiki hiyohiyo. Nafula akarudishwa nyuma, yaani akae benchi la mwisho karibu na mlango kwa miezi mitatu, asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, kisha asimame mbele ya watu atubu ndipo apokelewe. Aliyesoma uamuzi ni Baba mwenyewe, kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya harusi. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa, kwenye mkeka, lakini kila Jumapili nilitoroka nikaenda kukaa na Nafula. Mshika mlango alinirudisha, nikatoroka tena, mpaka akachoka. Nafula hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenipiga.

Siku ya kutubu ilipofika alivaa sketi ya buluu ya Mama. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba maneno mawili tu yangemrudisha kwaya, mezani kwa Baba, kwenye vicheko vya nyumbani. Baba alimuuliza mbele ya wote, "Nafula, unatubu?"

"Natubu kukudanganya, Baba," alisema, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona. "Nilisema naenda kwaya na haikuwa kwaya. Hiyo naomba msamaha. Lakini zile nyimbo siwezi kuzitubu. Ni maombi yangu."

Baba alifunga kitabu cha kanisa. "Basi rudi ukae," akasema.

Nafula hakurudi kukaa. Alitoka nje, na wiki ileile akahamia Cheptiret kwa shangazi yetu. Kichaka walijikokota miezi michache bila yeye, kisha fundi akapata kazi mbali, mapipa yakarudi kuwa ya maji. Baba alisema ngoma ya watoto haikeshi. Nafula alipata kibanda cha mboga kando ya barabara kuu, akaolewa, akazaa. Kanisani kwetu hakukanyaga tena, na nikimtembelea tulizungumza kuhusu watoto wake na bei ya nyanya.

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba ibadani, maana sasa anatembea kwa mkongojo. Kanisa letu sasa ni la mawe, lina spika ukutani, na binti wa miaka kama kumi na tisa alisimama madhabahuni akapiga gitaa la umeme kwa macho yaliyofumbwa, watu wakarukaruka. Baba alipiga makofi. Mimi mikono ilinishinda. Nilifurahi kwa ajili ya yule binti, kweli, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua kama ningeibeba hadi mwisho wa wimbo. Nje, juani, nikamuuliza, "Baba, na Nafula je?"

Aliegemea mkongojo. "Niliogopa watu waseme mzee wa kanisa ameshindwa na nyumba yake," akasema. "Mungu sikumuuliza. Mpigie."

Nikapiga, nikamwekea simu sikioni, na kwa kuwa hasikii vizuri niliipandisha sauti.

"Nafula, mama," akasema. "Lile jambo la kanisa. Nisamehe."

Lori lilisikika likipita upande wa pili wa simu, kisha sauti ya dada yangu ikaja, tulivu, ya mtu aliye kazini. "Nilikusamehe kitambo, Baba. Ni vidole tu ndivyo vilisahau gitaa." Akamwomba radhi, kuna mteja anangoja, akakata. Baba aliendelea kuishika simu sikioni.